Karata za Jamvini na Karata za Simuni

Msafiri aliyetoka Muheza, akapita Sigi, akapanda milima ya Usambara ya Mashariki hata akafika Amani, ambako Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, akishika njia na kuendelea mbele hujikuta katika nchi iliyogawanywa baina ya mashamba ya chai na msitu wa asili, ambayo mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na ukungu wake hushuka saa yoyote bila ya kutoa habari. Katika nchi hiyo ndimo ilimo Bulwa, jirani ya Kwamkoro, Monga na Marvera, shamba la chai lenye kiwanda chake, na kando yake vijiji vya watu walimao iliki, mdalasini, pilipili manga na migomba. Bonde la Lwengera huwatenga watu hawa na ndugu zao wa Lushoto na Usambara ya Magharibi, lakini nasaba, lugha na mazoea huwaunganisha. Na katika mazoea hayo limo moja ambalo makala haya yanalikusudia, nalo ni kukaa pamoja baada ya kazi na kucheza.

Majani yakiisha kupimwa, na kilo za kila mchumaji zikiisha kuandikwa, maana kwa kilo hizo ndipo ujira wake ulipo, wanaume hukusanyika chini ya vipenu vya maduka na upenuni mwa nyumba, mvua ikinyesha au isinyeshe, wakatandika jamvi au wakageuza kreti la soda kuwa meza, na wakatoa karata, bao au drafti. Wanaocheza huwa wanne, na wanaotazama huwa kumi. Na ni nani asiyejua kwamba wale kumi ndio wenye kelele nyingi kuliko wale wanne? Siku hizi, hata hivyo, hatua chache kutoka jamvini yupo kijana aliyeegemea nguzo peke yake, uso wake ukiangazwa na kioo cha simu, naye anacheza pia. Anacheza kwa ukimya, na hapana mtu amtazamaye. Baina ya mchezo wa wale na mchezo wa huyu pana tofauti kubwa kuliko ile ya karatasi na kioo, na nimeona inafaa kuizungumza kwa utulivu, kwa kuwa naiona inawagusa watu niwapendao.

Mchezo ambao umeidhihirisha tofauti hiyo kuliko mwingine wowote duniani ni poka, mchezo wa karata wa Wamarekani uliokulia kandokando ya mto Mississippi katika karne ya 19. Kanuni za namna yake mashuhuri si ngumu. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano za hadhara hufunuliwa mezani kwa zamu, zikawa mali ya wote. Na katika vituo vinne wachezaji huweka dau, hufuata dau la mwenzao, hulipandisha, au hujitoa na kupoteza walichokwisha kuweka. Mwenye mkusanyiko bora wa karata tano hula fedha zote. Lakini, na hapa ndipo uhai wa mchezo ulipo, aweza kula pia mtu asiye na kitu mkononi, akiwa amewatia wenzake hofu kwa dau kubwa hata wote wakajitoa kabla karata zake hazijaonekana. Ni mchezo wa hesabu kwa nusu moja, na kwa nusu ya pili ni mchezo wa nafsi za watu.

Mashindano yake makuu ya dunia yalianza Las Vegas mwaka 1970 katika jumba la Benny Binion, yakiwa ya watu wachache waliojuana kwa sura na kwa sifa, na kwa karibu miaka 30 hapakuwa na njia ya kuucheza kwa fedha isipokuwa kuketi kitako mbele ya mwenzako. Tarehe 1 Januari 1998 meza ya kwanza ya fedha halisi ilifunguliwa katika intaneti, kwa jina la Planet Poker. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, ambaye alipata nafasi yake kwa kushinda shindano dogo la intaneti lililomgharimu fedha kidogo sana, alikwenda Las Vegas akawashinda mabingwa wa kale, akaondoka na dola milioni 2.5. Tokea siku hiyo maelfu kwa maelfu waliamini kwamba meza ya kioo na meza ya mbao ni kitu kimoja. Sivyo.

Nianze na jamvi, kwa kuwa ndilo la kale. Karata zetu za pwani zilitufikia kwa mabaharia wa Kireno, na mchezo wake mkubwa, wahedi wa sitini, umechezwa kwa vizazi na vizazi. Karata za nane, tisa na kumi hutolewa, zikabaki arobaini za kopa, uru, shupaza na pau. Ree huhesabiwa 11, saba 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3 na mzungu wa pili 2, na zilizosalia hazina hesabu. Kila aina ina 30, aina nne ni 120, na mwenye kufikisha 61 ameshinda, maana ameipita nusu. Mtu akiutazama mchezo huu kwa juu ataona turufu na bahati. Lakini mwenye kuketi jamvini hujifunza upesi kwamba bahati ni mlango tu, na kwamba nyumba yenyewe imejengwa kwa kumbukumbu ya karata zilizokwisha kupita, kwa kumjua mwenzi wako aketiye mkabala nawe, na kwa kumsoma hasimu aliye kulia na kushoto: kwa nini leo amechelewa kutupa, kwa nini amezipanga upya karata zake, kwa nini aliyekuwa akizungumza sana amenyamaza.

Elimu hiyo ya kumsoma mtu imetungiwa vitabu katika nchi za watu. Mike Caro, mchezaji wa Marekani, alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima juu ya ishara ambazo mwili wa mchezaji huzitoa pasipo yeye kukusudia, na wacheza poka wengi walikifanya kuwa mwalimu wao. Wengi waliamini kwamba siri iko usoni, ndiyo maana wakajifunza kuufanya uso mkavu usiosema kitu. Lakini mwaka 2013 Michael Slepian na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza utafiti wa ajabu: waliwaonyesha watu picha fupi za video za mabingwa wa poka wakisukuma dau mezani, wengine wakioneshwa uso peke yake na wengine mikono peke yake, wakawauliza kama mchezaji huyu ana karata njema au mbaya. Waliotazama uso hawakufaulu kuliko mwenye kubahatisha. Waliotazama mikono walifaulu. Mkono wenye yakini huenda kwa ulaini. Mkono wenye shaka husita, hata kama uso umekwisha kufundishwa kusema uongo.

Nilipousoma utafiti huo mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja Bulwa. Watu wa huko hujuana kwa mikono. Wanachuma pamoja safu kwa safu, majani mawili na chipukizi lake, mamia ya mara kwa saa, na mtu aliyechuma kando ya mwenziwe msimu baada ya msimu hutambua kwa namna vidole vinavyokwenda kwamba leo jirani yake ana homa, au ana furaha, au ana deni linalomkosesha usingizi. Watu wenye elimu kama hiyo wakiketi kucheza karata, mchezo wao una utajiri ambao hakuna mtambo uwezao kuusafirisha. Simu huchukua karata ikaacha mkono. Mtu aliye upande wa pili wa kioo ni jina la kubuni na picha ya mnyama. Huwezi kujua kama amesita kwa hofu, au kwa sababu mtandao umemkatika bondeni, au kwa sababu mtoto amemwita.

Haya si kusema kwamba mchezaji wa simuni hana cha kusoma. Husoma muda ambao hasimu ameuchukua, ukubwa wa dau, na mazoea yake katika michezo mingi iliyopita, ambayo mtambo huyahifadhi yote pasipo kusahau hata moja. Ni elimu ya hesabu, nayo ni elimu ya kweli; vijana waliokulia ndani yake wamekuwa wajuzi wa hesabu za nasibu kuliko wazee waliowatangulia. Nawaheshimu kwa hilo.

Tofauti inayonitia hofu zaidi ni mwendo. Katika meza ya watu, mgawaji lazima achanganye, akate, agawe, asubiri mmoja afikiri, mwingine aagize chai, wa tatu abishane. Hivyo michezo aghalabu haizidi 30 kwa saa moja. Katika kioo, meza moja huendesha 60 na zaidi, na mchezaji aweza kufungua meza nne kwa wakati mmoja. Hebu tuitazame hesabu hii. Kwa karata 52, namna za kupata karata mbili za siri ni 1,326, na katika hizo ni sita tu zilizo ree mbili, ambazo ni mkono bora kuliko yote mwanzoni mwa mchezo. Yaani mara moja katika kila mara 221. Mwenye kuketi mezani atazingojea kwa wastani saa saba na zaidi, na katika kungojea huko atatupa karata mbovu mara nyingi, atazungumza, atatazama wenzake, na atajifunza kustahimili. Mwenye meza nne simuni au katika kompyuta yake hukutana nazo kila baada ya saa moja hivi. Huyu wa pili ameonja ushindi na maangamizi ya wiki nzima katika jioni moja, na moyo wa mwanadamu, ambao haukuumbwa kwa mwendo huo, hukosa nafasi ya kupoa baina ya pigo moja na pigo la pili. Mtu akiliwa jamvini, kuchanganya upya karata kunampa pumzi. Simuni karata mpya zimekwisha kugawanywa kabla hajaisha kuguna.

Na sasa juu ya amana, neno ambalo kila mcheza karata hulijali. Jamvini mgawaji yu mbele ya macho yenu, na kama ana hila, hila yake ina vidole. Wataalamu wa hesabu, Dave Bayer na Persi Diaconis, walithibitisha mwaka 1992 kwamba karata 52 zikigawanywa mafungu mawili na kuingilianishwa huhitaji kufanyiwa hivyo kiasi cha mara saba ndipo zichanganyike barabara. Ni wachache jamvini wafikao saba, na wazee wenye kumbukumbu kali huufaidi uvivu huo. Mtambo, basi, ungetarajiwa kuwa mwadilifu kuliko mkono wa mtu. Lakini mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa kompyuta walichunguza programu ya kuchanganya karata iliyotumiwa na Planet Poker, wakakuta maajabu. Namna za kupangika kwa karata 52 ni idadi yenye tarakimu 68, ilhali programu ile, kwa jinsi ilivyoundwa, haikuweza kutoa zaidi ya namna bilioni nne na kidogo. Na kwa kuwa ilianza hesabu yake kutokana na saa ya mashine, mwenye kuijua saa hiyo aliweza kupunguza namna zote hizo zikabaki kama 200,000, ambazo kompyuta ya kawaida huzipitia kwa muda mfupi sana. Aliyeona karata zake mbili na zile tatu za kwanza za hadhara aliweza kujua za wote, na ambazo hazijaja. Kosa lilisahihishwa baada ya kutangazwa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi kwa kuwa hayakuwa makosa. Mwaka 2007 wachezaji wa Absolute Poker, kwa kuchunguza kumbukumbu za michezo yao wenyewe, waligundua kwamba yupo mtu anayecheza kana kwamba anaona karata za kila mmoja, na ikabainika kwamba kweli alikuwa akiziona kwa mlango wa siri uliokuwamo ndani ya mtambo. Na katika UltimateBet, kampuni yake dada, hila ya namna ileile ilifichuka. Kisha tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga kwa wakazi wake meza kubwa za intaneti, na Full Tilt Poker, mojawapo ya hizo, ikaonekana inadaiwa na wachezaji wake wa dunia nzima kiasi cha dola milioni 390 ilhali benki ilikuwa na milioni 60 tu. Mwizi wa karata jamvini huiba mbele ya watu wanaomjua mama yake, na akikamatwa atakutana nao kesho kwenye mizani ya chai. Wale walioibiwa kwa njia ya kioo wengi wao hawakupata kuona hata wajihi wa aliyewaibia.

Hata hayo yote yakirekebishwa, na meza nyingi za leo zinakaguliwa vizuri zaidi, limebaki swali ambalo wazee wetu hawakulazimika kuliuliza: je, ninayecheza naye ni mtu? Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, kazi ya Tuomas Sandholm na mwanafunzi wake Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza michezo 120,000 ya poka na mabingwa wanne, mmoja mmoja, kwa muda wa siku 20, ikawashinda wote. Miaka miwili baadaye ndugu yake, Pluribus, aliketi na wachezaji watano kwa pamoja akawashinda pia. Mitambo hiyo iliyajua mambo ambayo hayakufundishwa na mtu, ikiwamo kuwatia watu hofu kwa dau kubwa mkono ukiwa mtupu. Tena iliyafanya hayo pasipo hofu, tamaa wala aibu, kwa kuwa haina kitu inachoogopa kukipoteza. Naona uzuri wa ilimu hiyo na nausifu. Lakini ujasiri ni sifa pale tu palipo na uwezekano wa kuogopa, na mchezaji anayedhani amekaa na watu ilhali amekaa na hesabu amenyimwa kitu alichokifuata.

Insafu hunitaka niseme upande wa pili, na nausema kwa moyo mmoja. Jamvi lina dhuluma zake. Kijana mwenye akili huketi mbele ya mzee aliye rafiki wa baba yake, akaiona karata ya ushindi mkononi mwake, akaizuia kwa taadhima. Na mzee asipozuiliwa na mtu kwa miaka mingi huamini kwamba ni bingwa. Fauka ya hayo, jamvi la Bulwa, kama majamvi mengi ya nchi yetu, ni la wanaume. Wanawake huchuma chai safu moja na waume zao, hubeba mzigo uleule, na kilo zao mara nyingi huzidi. Lakini kazi ikiisha wao hurejea kwenye kuni, maji na watoto, na wakipita kando ya jamvi hupita kwa kuinama. Simuni hasimu hamuulizi mtu umri wala kama ni mwanamke au mwanamume. Kama yupo binti katika milima hii mwenye kichwa cha hesabu kilicho kikali kuliko vya wanaume wote wa kipenu, basi kioo ndicho mahali pa kwanza alipopata kupewa karata pasipo kuulizwa yeye ni nani. Wenye kulisifu jamvi, nami nikiwamo, wana deni hapo.

Lakini kuna jambo ambalo nikilipima na hayo yote bado linazidi uzito, nalo ni mwendo wa fedha. Katika majamvi niyajuayo ya vijijini hapana fedha. Ashindwaye huinuka akampisha mwingine, na fedheha ya kuinuka hutosha. Na hata zamani, pale palipokuwa na dau, fedha zilitoka mfukoni zikiwa noti, mwenye noti akaziona zikipungua, na wenzake wakaziona pia. Zikiisha, ilimbidi arudi nyumbani kutafuta nyingine, na njia ya kurudi nyumbani ina mlango, na mlangoni yupo mke, au mama, au mtoto anayeuliza habari ya daftari. Katika njia hiyo wengi walizindukana. Aidha, mzee mmoja wa jamvini angeweza kumwambia, "Mwanangu, inuka sasa, leo si siku yako," na neno hilo la mtu mzima lilikuwa na nguvu ya amri.

Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na ilikuwa neema. Mchumaji wa chai aweza leo kupeleka fedha kwa mama yake Lushoto au Korogwe bila ya kumpa dereva wa basi bahasha. Lakini neema hiyohiyo iliweka mkoba na meza ya mchezo ndani ya chombo kimoja. Mwaka 2017 SportPesa, iliyoanza Kenya mwaka 2014, iliingia nchini, jina lake likaandikwa vifuani mwa wachezaji wa Simba na Yanga, na Julai ya mwaka huo ikaileta Everton ya Uingereza kucheza na Gor Mahia Dar es Salaam. Na nyuma yake zikaja kampuni nyingine na michezo mingine, ya mipira, ya magurudumu, ya vindege vinavyopaa na kutoweka. Kijana wa Bulwa hana haja ya kwenda kasino ya mjini. Baina ya ujira wake na dau hapana njia ya kupita, hapana mlango, hapana mtu. Kubonyeza mara mbili na namba ya siri, basi. Na asubuhi huwaambia wenzake mkeka umechanika, yaani dau lake limeliwa, kama kwamba ni ajali iliyomkuta barabarani.

Na hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Katika poka, iwe ya mezani au ya kioo, mchezaji hupambana na wachezaji wenzake, na mwenye nyumba hukata sehemu yake ndogo tu kutoka katika kila fungu. Kwa hiyo aliye hodari aweza kweli kushinda kwa mwaka mzima, ingawa ni wachache wafikao hapo. Katika michezo mingi inayozifikia simu zetu, mwenye nyumba ndiye hasimu. Yeye ndiye aliyepanga hesabu za malipo, na amezipanga ili katika wingi wa michezo yeye ndiye abakie na zaidi. Hapana hodari wa gurudumu. Kijana anayeongeza dau baada ya kuliwa, akiamini kwamba zamu yake imekaribia, anangojea kitu ambacho mtambo haukumuahidi, maana kila mzunguko huanza upya pasipo kumbukumbu ya ule uliopita.

Sheria haikulala. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inayotoa leseni na kukagua. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Na kuendesha mchezo wa fedha pasipo leseni ni kosa. Kwa Mwislamu kamari ni haramu pasipo mjadala, na makanisa ya milimani nayo yanaikemea. Lakini sheria na hotuba huja kwa mtu kutoka mbali, nazo hazijui kwamba usiku huu, saa nne, mvua ikipiga bati, ujira wa nusu mwezi unaondoka kidogo kidogo katika chumba kisicho na taa. Jamvi lingejua. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Na mchezaji wa simuni amejiweka mahali ambapo hapana mtu aliyekuwapo, hata wa kumwonea huruma.

Kwa hiyo hukumu yangu haielekei kwenye karata wala kwenye kioo. Poka ya kioo ni mchezo wenye akili nyingi, na siku moja huenda bingwa wake akatoka katika milima hii. Ninachokishitaki ni upweke wa mwenye kupoteza. Mezani hasara ina mashahidi, na mashahidi hao ndio mpaka wake. Simuni hasara ni siri baina ya mtu na mtambo, na mtambo hauna sababu ya kumwambia ainuke.

Wazee wa Bulwa, na wa Kwamkoro, Mgwashi, Soni na kote Usambara, naomba mlipanue jamvi: wapeni vijana nafasi ya kuwashinda bila ya kuwanunia, na wapisheni mama na binti zenu wakae kucheza, si kupita tu. Wasimamizi wa mashamba ya chai na viongozi wa vijiji, banda moja lenye paa zuri, taa na meza imara, mahali watu wanapoweza kukaa mvua ikinyesha, halina gharama kubwa, na litafanya kazi ambayo tangazo la onyo lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kioo haliwezi kuifanya. Na wewe kijana usomaye haya katika simu hiyohiyo ambayo jioni utaitumia kuwekea dau: kabla hujabonyeza, mtaje kwa sauti mtu mmoja wa nyumbani kwako, umwite, umwambie ni shilingi ngapi.